Mwongozo Uliomrudisha Klementina

Nikodemu Bucumi alimzika mkewe Ujiji mwezi wa tatu. Mwezi wa tano kiongozi wa mtaa wake katika kambi ya wakimbizi akamwita, akamwambia ajiandae: anapelekwa Burundi kumfuata mkewe.

Alidhani anataniwa. Akangoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Mkeo alirudi kwa hiari tangu mwaka jana," kiongozi alisema, akimsogezea karatasi. "Familia haitenganishwi, mzee. Una siku thelathini. Nenda Kigoma mjini, ofisi ya usajili, ukamalize mambo yako. Basi liko mwisho wa mwezi."

Bucumi hakujua kusoma. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Kesho yake akapanda gari. Hakwenda kwa ajili ya basi. Karatasi ile ilikuwa kibali cha kutoka kambini, na kaburi lilikuwa Ujiji.

Mtu huyu alikuwa amelikimbilia Ziwa Tanganyika mara mbili. Mwaka wa sabini na mbili alivuka kijana kutoka Burundi, akashukia Mwamgongo, akavua dagaa kwenye mitumbwi ya wenyeji. Hapo ndipo alipomkuta Klementina Ndayikeza, mkimbizi kama yeye, akianika dagaa mchangani na kufukuza kunguru kwa matusi. Wakaoana. Wakazaa watoto wanne. Wawili wakazika, wawili vita viliwatawanya, na habari zao hazikuja tena. Miaka thelathini na kitu ikapita, wakaambiwa kwao kuna amani. Wakarudi. Shamba la baba yake wakakuta linalimwa na mtu mwingine, mwenye karatasi. Wakawa wapangaji kwenye udongo wao wenyewe, mpaka mwaka wa elfu mbili na kumi na tano risasi zikawatoa tena.

Siku ile, wamebanana ndani ya boti, Klementina alisema, "Mara hii sirudi. Wakitaka kunirudisha, wanirudishe maiti."

Hata maiti hawakuirudisha. Walirudisha jina.

Kila walipovuka waliandikwa. Kila mara karani aliuliza tarehe ya kuzaliwa, na kila mara hawakuijua. Klementina alijua tu kwamba alizaliwa watu wakivuna maharage. Karani akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza. Wazee wote waliandikiwa siku hiyo. Kambini ilikuwa mzaha: mwaka mpya ukiingia, wazee elfu nzima wanatimiza miaka kwa uji wa chumvi.

Mwaka jana miguu ya Klementina ilianza kuvimba. Zahanati ya kambini ikasema ni figo, anahitaji rufaa ya hospitali mjini. Muuguzi akabofya kompyuta yake, akabofya tena.

"Namba hii imefungwa," akasema. "Mwenye namba karudi Burundi."

"Mwenye namba ni huyu," Bucumi akasema.

"Namwona, mzee. Mashine ndiyo haimwoni. Rufaa inatoka kwenye mashine."

Akaambiwa aende kwa karani. Karani akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa mkubwa yuko safarini. Miezi ikakatika hivyo, Jumatatu hadi Jumatatu. Klementina alipofika kushindwa kuvaa kandambili, Bucumi hakuuliza mtu tena. Alimpakia nyuma ya bodaboda alfajiri, akamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke, na mbele ya safari wakadandia lori la mihogo hadi mjini. Hospitali ikawaomba karatasi ya rufaa. Hawakuwa nayo. Alikufa siku ya tatu, mtaa wa Kasingirima, kwenye mkeka wa Rozalia.

Rozalia alikuwa mjane wa mvuvi wa Kibembe aliyevua katika mtumbwi mmoja na Bucumi huko Mwamgongo. Alimwita shemeji. Mdomo wake ulikuwa mkali, mlango wake haukuwa na komeo. Bucumi alipomtokea mwezi wa tano na ile karatasi, mama huyo aliiangalia, naye pia hajui kusoma, akairudisha.

"Inasemaje?"

"Inasema Klementina yuko Burundi ananingoja."

Rozalia akaweka mwiko chini. "Kumbe tulizika gogo," akasema. "Na lilivyokuwa zito. Mambo yenu wakimbizi, shemeji, hata kufa lazima mpangiwe."

Hakucheka. Akamwekea ugali.

Ofisi ya usajili ilikuwa upande wa juu wa mji. Bucumi alikaa benchi tangu asubuhi, akaitwa saa nane. Afisa aliyempokea, Martini, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Pole sana, mzee," akasema. "Nakuamini. Lakini sikia. Mwaka jana tulifunga kiongezo kipya kwenye kanzidata. Ile kanzidata ni kama ghala la majina ya watu wote. Kiongezo ni programu ndogo unayoichomeka ili ghala lifanye kazi ambayo halikuwa likiifanya. Hiki kinatafuta watu walioandikwa mara mbili. Kikiwapata, kinawaunganisha, namba moja inabaki, nyingine inafungwa. Mkeo kiliona ni mtu mmoja na mwanamke wa kambi nyingine. Yule akarudi Burundi. Na mkeo akarudi naye."

"Mke wangu hakuwa na mwenzake."

"Huenda. Ila karani alifuata mwongozo wa kiongezo neno kwa neno, nimekagua. Namba iliyofungwa kwa mujibu wa mwongozo siwezi kuifungua kwa maneno ya mtu. Ningekuwa na karatasi ya kusema mwongozo wenyewe umekosea, hapo ningekuwa na pa kushika."

"Nani anasema mwongozo umekosea?"

Martini akapenga kamasi. "Wenyewe walioutunga."

Bucumi akatoka. Zilibaki siku ishirini na sita.

Chumba cha uani kwa Rozalia alipanga mwanamke mmoja Muha, Ritha, kama miaka arobaini, aliyekuwa hasalimii mtu mpaka amalize sentensi aliyo nayo. Mchana kutwa alikaa barazani na kompyuta mapajani. Rozalia alidhani anaandika barua za mapenzi. Kumbe kazi yake ilikuwa kusahihisha miongozo ya kompyuta: viongezo vya kanzidata vinavyotumika maofisini, vikiwa na vitabu vyake vya maelekezo vilivyogeuzwa Kiswahili. Alipitia mstari kwa mstari, akitafuta palipokosewa.

Rozalia ndiye aliyemkatisha. "Wewe msahihishaji. Una kitabu kinachorudisha wafu kwao?"

"Shikamoo, mzee," Ritha alimwambia Bucumi, kana kwamba hajasikia swali. Kisha akamsikiliza. Aliposikia habari ya kiongezo cha kuunganisha watu, akainua macho. "Ninacho. Ni hicho nilichonacho mwezi huu. Sijafika hata nusu."

"Nisomee," Bucumi akasema.

"Kizima?"

"Pale panaposema kinajuaje kwamba watu wawili ni mmoja."

Akatafuta. Ukurasa wa arobaini na moja. Akasoma polepole, akitia na Kiha, jamaa wa Kirundi, pale Kiswahili kilipokuwa kigumu: *Kiongezo hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la baba. Vyote vitatu vikilingana, watu huunganishwa. Mtumiaji hahitaji kuongeza chochote.*

Bucumi aliyarudia maneno hayo kwa kunong'ona. Ritha alikwisha rudi kwenye kazi yake.

"Jina la baba," mzee akasema.

"Ego, ndiyo."

"Yule mwingine ni Klementina Ndayikeza. Kazaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza kama sisi sote. Hayo sawa, wapo wengi. Baba yake nani?"

"Sijui, mzee. Mimi sina orodha yao."

Bucumi akarudi ofisini kesho yake, akakaa benchi, akauliza swali hilo tu. Martini akatazama. Baba wa yule mwingine alikuwa Ngendakumana. Baba wa Klementina alikuwa Manariyo, na hivyo ndivyo alivyoandikwa tangu siku ya kwanza. Martini alisoma majina hayo mawili, akayasoma tena, mafua yakamsahau.

Bucumi alirudi Kasingirima kwa miguu, kilima kwa kilima, akamkuta Ritha palepale.

"Baba mbalimbali," akasema. "Kama kitabu chako ni cha kweli, mashine ingeona. Haikuona. Basi kitabu ni cha uongo."

Ritha alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwenzake kazini. "Mimi siamini kitabu," akasema. "Wala wewe sikuamini. Kaa hapa tujaribu."

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakugusa mstari wa mwongozo kabla ya kuujaribu. Alifungua ghala tupu, akatia watu wawili wa kubuni: Regina binti Yakobo, na Regina binti Selestini, wote wawili wa tarehe moja mwezi wa kwanza. Akaandika amri kama kitabu kinavyoelekeza, bila kuongeza chochote. Akabofya.

"Imebaki Regina mmoja," akasema.

"Yupi ameliwa?"

"Aliyeandikwa nyuma."

Basi Klementina ndiye aliyeandikwa nyuma. Bucumi akakumbuka siku ile ya kuandikwa: mkewe alimpisha mama mwenye kichanga kwenye foleni, na wakafungiwa dirisha, wakalala nje.

Ritha akafuta, akawatia tena Regina wote wawili. Safari hii, mwishoni mwa amri, akaongeza neno moja, *baba*. Akabofya. Regina walibaki wawili.

"Kiongezo hakiangalii baba mpaka ukiambie," akasema. "Kitabu kinasema kinaangalia chenyewe."

"Neno moja?"

"Neno moja, mzee."

Rozalia, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Mungu wangu," na hakuongeza mzaha.

"Nani aliandika hicho kitabu?" Bucumi akauliza.

"Watu wa mbali. Hawajui hata Kigoma iko upande gani."

"Klementina wanamjua?"

"Hapana."

"Basi wamemwezaje?"

Ritha akaivuta kompyuta. Akaanza kuandika barua kwa wale watu. Bucumi akataka aandike habari za miguu iliyovimba, za lori la mihogo, za siku ya tatu. Ritha akakataa.

"Hawataki hadithi. Ukiwapa hadithi watakupa pole, na mstari watauacha. Wanataka ukurasa, kitabu kinasema nini, mashine inafanya nini, iandikwe nini badala yake. Basi."

"Hata jina lake?"

"Hata jina."

Mzee akatafuna hayo. "Andika unavyojua," akasema.

Siku tisa zikapita. Bucumi alishona nyavu za watu kule Kibirizi, si kwa kuhitaji, mikono tu isikae bure. Jioni alipitia Ujiji, akasimama makaburini kidogo, akarudi. Siku ya kumi jibu likaja. Ritha alilisoma kwanza peke yake, na uso ukamkunjamana.

"Wanasema mwongozo hauna kosa. Kosa ni la mtumiaji. Alitakiwa aelewe."

"Mtumiaji ndiyo nani?" Rozalia akauliza.

"Karani. Mimi. Yeyote."

"Kwa hiyo waliosoma hawakuelewa, wasiosoma wakazikwa. Safi sana."

"Kitabu kinasema *hahitaji kuongeza chochote*," Bucumi akasema. Aliushika mstari ule kwa kichwa, hakuwa na namna nyingine ya kuushika. "Hayo ni maneno yao au ya mtumiaji?"

Ritha akamtazama. "Yao."

"Warudishie."

Akawarudishia. Aliweka maneno yao wenyewe juu, na chini yake amri aliyoiandika, na chini yake Regina aliyepotea. Hakuweka neno jingine. Akatuma kwa yule wa kwanza, na kwa mkubwa wake, na kwenye ubao wa wazi ambapo watumiaji wote wa kiongezo hicho husoma. Baada ya siku tatu watu wa nchi mbili nyingine wakaandika chini yake: hata kwetu, hata kwetu. Mmoja alisema amefunga namba mia nne.

Zikiwa zimebaki siku tano, watungaji walisahihisha. Ritha alimwita Bucumi, akamsomea mstari mpya: *Kiongezo hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa peke yake. Jina la baba halilinganishwi mpaka mtumiaji aliongeze kwenye amri.* 

"Na wanasemaje juu ya ule wa kwanza? Kwamba ulikuwa uongo?"

Ritha akasita. "Kuna orodha ya mabadiliko. Nikusomee ilivyo?"

"Isome ilivyo."

"*Ukurasa wa arobaini na moja: marekebisho madogo ya maandishi. Asante kwa Ritha wa Kigoma.*"

"Madogo," Bucumi akasema.

"Ndivyo wanavyoandika daima, mzee. Hata nyumba ikiungua."

"Na asante wamekupa wewe."

"Hiyo asante sijui niipeleke wapi," Ritha akasema, na sauti yake ikakwaruza. "Chukua karatasi hii. Mpelekee huyo afisa wako."

Alikuwa ameichapisha steshenari, kurasa mbili: mstari wa zamani na mstari mpya. Bucumi akaitia mfukoni pamoja na kile kibali.

Martini aliisoma kwa makini. Akafunga mlango. Akafungua kompyuta, akaandika, akangoja, akaandika tena. Kisha akaigeuza kidogo, ingawa alijua mzee hasomi.

"Nimewatenganisha. Namba ya mkeo iko wazi. Kwa sasa mashine inasema yuko hai, yuko kambini."

Bucumi akashika ukingo wa meza.

"Tumwandike sasa," Martini akasema taratibu. "Amefariki. Tarehe?"

Akamtajia.

"Mahali?"

Bucumi akafumbua mdomo. Martini akainua mkono.

"Ngoja kwanza, mzee. Ukisema Kigoma, mashine itauliza alitokaje kambini. Hakuwa na kibali. Aliyemtoa ni wewe, na wewe pia hukuwa nacho. Mtu aliyetoka bila kibali akatoa na mgonjwa, hapewi kibali tena. Sheria si yangu. Ukirudi huko hutatoka." Akapunguza sauti. "Lakini mimi nikiandika amefia kambini, nani atabisha? Wazee wanakufa kambini kila wiki. Unabaki na haki yako ya kuomba kibali. Unakuja Ujiji kila baada ya miezi, unamwona. Nakuambia kama mzazi wangu. Sema kambini."

Nje benchi lilikuwa limejaa. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Bucumi aliiangalia ile mashine ambayo kwa mwaka mzima ilisema Klementina yuko mahali asipokuwa. Aliwaza kaburi lenyewe: msalaba wa mbao, udongo uliodidimia kidogo upande wa miguu. Kambini hapakuwa na udongo huo. Angepita mtu siku moja akatafuta, mmoja wa wale watoto wawili pengine, angepelekwa makaburi ya kambini, akazunguka kutwa nzima baina ya wafu wa watu.

"Amefia Kigoma," akasema. "Kasingirima. Kazikwa Ujiji. Nilimtoa mimi."

"Mzee..."

"Andika."

"Fikiri kwanza. Ni mstari mmoja tu."

"Hata ule ulikuwa mstari mmoja," Bucumi akasema. "Andika, mwanangu. Mengine nimeyasikia."

Martini akaandika. Vidole vyake vilikwenda polepole. Akamsomea: Klementina Ndayikeza, binti Manariyo, amefariki Kigoma, amezikwa Ujiji. Bucumi akamwambia asome tena. Akasoma tena. Jina la mzee likaondolewa kwenye orodha ya basi la Burundi, likaingizwa kwenye orodha ya wasiopewa kibali. Wino ukaletwa, akaweka dole gumba mahali pawili. Kibali chake kikachukuliwa kikachanwa mbele yake, bila ukali, kama mtu anavyochana tiketi iliyokwisha tumika.

Rozalia alipigwa na ghadhabu. "Bwana mkubwa anakupa mlango, wewe unajikomea! Ungesema kambini! Marehemu angekukasirikia?"

"Oya, hapana. Angenicheka."

"Sasa kaburi nani atalitazama?"

"Wewe."

"Mimi na magoti haya?"

"Ritha atakushika mkono."

Ritha, barazani, hakuinua kichwa, lakini alikuwa ameacha kuandika. "Tutakwenda, mzee," akasema. "Jumapili."

Lori la kambini liliondoka Alhamisi. Msindikizaji alisimama na daftari, akiwapandisha watu kwa familia, familia kubwa kwanza. Bucumi alipandishwa mwisho.

"Mko wangapi, mzee?"

"Mmoja."

Msindikizaji akatia alama. Bucumi akapanda, akatafuta pa kukaa kati ya magunia, na lori likashika njia ya Kasulu, ziwa likibaki nyuma.